Nyumba ya dende: mara ya pili tulijenga vizuri



Siku ya posho moja, jua halijapanda vizuri, koko mmoja wa kikundi chetu alikuja kupiga hodi kwa mwenzake akiwa na kikapu kilichofunikwa kwa kipande cha kitenge. Ndani ya kikapu mlikuwa dende saba, wote wamekufa. Wanne walikuwa watoto, wameliwa vichwa na miguu. Mama mmoja alikuwa na jeraha shingoni. Wawili waliobaki hawakuwa na alama hata moja, walikuwa wamekauka tu kana kwamba wamelala. Koko hakulia. Alisema, "Hawa ndio walikuwa minervali ya mjukuu wangu," kisha akaketi kwenye kibao karibu na moto na hakusema tena neno mpaka chai ilipoiva.

Wengi wenu mlisikia habari ile, maana katika vilima vyetu habari inatembea mbio kuliko pikipiki. Wengine walisema ni uchawi. Wengine walisema koko amezeeka, hawezi tena kuchunga wanyama. Leo tunataka kuwaeleza jambo lilivyokuwa, na namna tulivyojenga nyumba ya dende mara ya pili, kwa sababu kosa halikuwa la koko. Lilikuwa letu sisi sote.

Turudi nyuma kidogo. Sisi ni wamama kumi na wawili. Kila juma tunaweka franga kidogo katika sanduku, na mwaka uliopita tulipatana kwamba zile franga zisigawanywe tena kama likelemba ya kawaida, ambapo unapokea leo na kesho zimekwisha kwa chumvi na sabuni. Tulinunua dende ishirini: madume wanne na majike kumi na sita. Nyumba nne zikapokea kwanza, kila nyumba dume mmoja na majike wanne. Mapatano yalikuwa hivi: ukipata watoto, unarudisha watano kwa kikundi, nao wanakwenda kwa mama anayefuata, mpaka sote kumi na wawili tuwe nao. Koko alikuwa mmoja wa wale wanne wa kwanza. Usiku ule alikuwa na tisa. Asubuhi akabaki na wawili, dume na jike.

Kwa nini dende, na si mbuzi? Kwa mama wa Kabare au wa Walungu hatuna haja ya kueleza sana. Mbuzi na ng'ombe, hata ukiwalisha wewe kila siku, siku ya kuuza wana mwenyewe mwingine. Dende ni mnyama wa jikoni, mnyama wa mama na watoto, na mwanaume wengi wao hawamhesabu hata kidogo. Hiyo ndiyo faida yake. Unauza wawili unanunua kaye na bwino, bila kikao cha ukoo. Tena sisi tuliopita katika miaka ya vita tunajua kitu kingine: ng'ombe wa vilima hivi walichukuliwa, mbuzi walichukuliwa, lakini dende unamweka ndani ya kikapu, unafunika na sombe juu, na unakimbia naye.

Na nyama yake, wamama, tusiione haya. Mtoto aliyevimba miguu na nywele zimekuwa nyekundu, mganga wa kituo cha afya anakuambia mpe nyama, mpe mayai, mpe maharagi. Nyama utaipata wapi kila juma? Dende mmoja mkubwa anatosha sufuria ya watoto wanne kwa bukari ya jioni.

Majirani zetu wa Tanzania wanamwita simbilisi, na kwa Kifaransa ni kobaye. Kwao hasa si hapa. Anatoka katika milima mirefu ya Amerika ya Kusini, Peru na Bolivia na Ekwado, ambako watu walimfuga maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika huko. Kule pia alikuwa, na bado ni, mnyama wa jikoni. Katika kanisa kuu la mji wa Cusco, Peru, kuna picha kubwa ya Karamu ya mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata, na mbele ya Bwana Yesu, kwenye sahani, amelazwa dende. Tulipolisoma hilo tulicheka sana, kisha tukaona kwamba mchoraji alikuwa na akili: aliweka mezani chakula ambacho mama za kwao walikuwa wanakijua.

Sasa turudi kwa kikapu cha koko.

Tulimwomba veterineri wa kwetu aje. Alipasua mmoja wa wale wawili wasio na jeraha, akatuonyesha mapafu: yalikuwa mekundu meusi, mazito, yamejaa maji. Alituambia ni baridi na unyevu. Hao wawili pengine wangalikufa hata kama panya hawakuja. Kisha akatuomba tumpeleke kuona nyumba yao. Tulikwenda sote, na tulipofika tukaanza kuangalia chini kwa haya, kwa sababu nyumba ile tuliijenga kwa mikono yetu sisi wenyewe, na nyumba nyingine tatu zilikuwa sawasawa na ile.

Ilikuwa sanduku la mbao, limewekwa chini juu ya udongo, nyuma ya jiko. Sakafu hakuna, ni ardhi tu. Mbele tulipiga waya wa kuku, ule wenye matundu makubwa, kwa sababu ndio uliokuwa na bei ndogo sokoni. Juu tuliweka kipande cha bati kuukuu na jiwe. Tulikuwa tumejivuna nayo sana! Lakini mvua ya usiku ilikuwa imepita chini ya mbao na kugeuza sakafu kuwa matope ya mkojo. Panya walichimba upande mmoja, na upande mwingine hawakuhitaji hata kuchimba, matundu ya waya yaliwatosha kama mlango wa kanisa. Na mle ndani hakukuwa na mahali pa kujificha. Dende hana meno ya kupigana wala makucha. Silaha yake ni kukimbilia shimoni, na sisi tulimnyima shimo.

Kulikuwa na kosa la nne, nalo ndilo lililotuuma kuliko yote. Sanduku lilikuwa na mita moja kwenda ndani. Mkono wa koko haukufika pembe ya nyuma. Alikuwa ameona siku tatu kwamba wawili wamejikunja kule nyuma na hawaji kula, lakini hakuweza kuwatoa, na aliona haya kutuita kwa sababu ya dende wawili.

Kikao cha juma lile kilikuwa kigumu. Mama mmoja alisema mapatano ni mapatano, koko alipokea watano, lazima arudishe watano, la sivyo kila mtu atakuja na kikapu cha maiti na kusema panya. Hakusema kwa ubaya. Yeye alikuwa wa tano katika mstari, ndiye aliyekuwa akingoja. Mwingine alijibu kwamba huwezi kumpa mtu mtumbwi wenye tundu kisha umdai samaki. Tulizungumza mpaka giza. Mwishoe tulipatana: deni la koko linafutwa, kikundi kinamwongezea majike wawili kutoka nyumba nyingine, na hakuna mama atakayepokea dende kabla ya nyumba yake kujengwa na kukaguliwa na wenzake watatu. Yule wa tano hakufurahi, na mpaka leo anasema hivyo waziwazi. Tunamheshimu kwa hilo. Aliposimama kujenga, alijenga kuliko sisi sote.

Haya, sasa kazi yenyewe. Tunaieleza kwa urefu kwa sababu wamama wa avenyu nyingine wametuomba vipimo.

Nyumba yetu mpya ina mita 2 kwa urefu na sentimeta 75 kwenda ndani. Ni eneo lile lile la mita 1 na nusu kwa mita 1 ambalo wafugaji wa Peru wanalitumia kwa dume mmoja na majike saba mpaka kumi, ila tumelivuta liwe jembamba, ili mkono wa mama yeyote, hata wa koko, ufike nyuma. Kabla ya kupima kwa mita, pima kwa mkono wako. Ukuta una sentimeta 45. Dende hapandi wala haruki kama paka, hahitaji nyumba ndefu kwenda juu. Anachohitaji ni mahali pa kutembea.

Nguzo nne ni za mikaratusi, ukubwa wa kifundo cha mkono, zilizokatwa mapema na kukauka. Tulizichimbia sentimeta 40. Sakafu inakaa sentimeta 70 juu ya ardhi. Kwa hiyo nguzo za mbele zina sentimeta 155, na za nyuma tuliziongeza 20 ili bati literemke mbele na maji yasianguke ukutani. Pale karibu na sakafu, kila nguzo ina sketi ya bati. Tulikata debe la mafuta, tukalikunja kama faneli iliyopinduliwa, mdomo mpana ukitazama chini, tukalipiga misumari kuzunguka nguzo. Panya anapanda mpaka hapo, anakuta dari, anateleza. Watoto walikaa jioni nzima wakingoja kuona panya ateleze. Hawakuona hata mmoja, wakakasirika. Lakini angalia: ukiegemeza jembe au ukuni kwenye nyumba, umempa panya ngazi, na sketi yako haina kazi tena. Nyumba isimame yenyewe, mbali na ukuta wa jiko kwa hatua moja.

Sakafu ndiyo iliyotusumbua zaidi. Wengine walitaka waya mtupu, ili mavi yaanguke yenyewe na kazi iwe ndogo. Veterineri alikataa: miguu ya dende ni laini, akisimama juu ya waya usiku na mchana anapata vidonda vya nyayo, na vidonda vinaoza. Wengine walitaka mbao tupu, lakini mbao tupu zinanywa mkojo mpaka zinanuka. Tukafanya nusu kwa nusu. Upande mmoja, mita 1, ni mbao tano za sentimeta 15, zimebanana, na juu yake majani makavu. Hapo wanalala na kuzaa. Upande wa pili, mita 1 pia, ni fito za mianzi ishirini, kila moja na sentimeta 4, kati yake nafasi ya sentimeta 1. Nafasi ile inapitisha mavi lakini haipitishi mguu wa mtoto ukakwama. Mgongo wa mwanzi unatazama juu, maana ni laini, na kingo zote tulizikwangua kwa kisu. Upande wa mbao tuliuinua vidole viwili, mkojo uteremke kwenye mianzi. Chini tumeweka manjanja kuukuu kupokea mavi, na kila juma yanakwenda kwenye shimo la mboleo. Yaache yaoze kwanza kabla ya kuyatia kwenye lengalenga zako.

Ukuta wa nyuma na wa pembeni ni mbao kamili, kwa sababu upepo wa mvua kwetu hauna huruma. Juu ya mbao za pembeni, pale bati linapoinuka, tuliacha nafasi ya hewa na kuifunga kwa wavu wa matundu madogo. Mbele yote ni wavu ule ule. Kipimo chetu cha wavu ni kidole cha mwisho: ukiweza kukipitisha, usinunue. Ulitugharimu kuliko vitu vingine vyote, na hapo tulijifunza kwamba waya wa bei ndogo tulikuwa tumeulipa mara mbili.

Mlango uko mbele, katikati, mpana kutosha kuingiza kikapu. Bawaba hatukununua. Mpira wa ndani wa baiskeli, umekatwa vipande na kupigwa misumari yenye kofia, unafungua na kufunga bila kulia. Kufuli tulinunua. Dende wetu hawaibiwi na panya tu.

Usitumie mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia mchwa, hata ukipewa bure kutoka mahali wanapojenga. Meno ya dende hayaachi kukua, hivyo anatafuna siku zote, na atatafuna nyumba yake. Mpe vijiti vya kutafuna. Na msumari wowote uliotokeza ndani, upinde, usingoje kesho.

Ndani tuliweka vitu vitatu. Cha kwanza ni maficho: sanduku dogo lililogeuzwa, lenye milango miwili. Milango miwili, wamama, si mmoja! Mwenye nguvu akiingia kwa mlango mmoja, mnyonge atoke kwa mwingine. Chungu kilichopasuka kinafaa sana. Cha pili ni hori la majani, fito zilizofungwa kama mkono uliokunjwa, limeangikwa ukutani, ili majani yasikanyagwe na kukojolewa. Cha tatu ni bakuli la udongo, zito, la maji. Koko zetu walisema dende hanywi maji. Ni kweli kwamba akila majani mabichi mengi anapata maji humo, lakini mama anayenyonyesha wakati wa kiangazi anakunywa, tumemwona kwa macho yetu.

Mahali pa kuweka nyumba tulibishana pia. Zamani dende walikaa jikoni, wakitembea chini ya meza na kuokota maganda. Kuna joto, hilo ni zuri. Lakini kuna moshi, kuna maji ya moto yanayomwagika, kuna mguu wa mtu gizani, na mavi karibu na chakula cha watoto. Jua la mchana nalo ni adui, kwa maana dende anavumilia baridi kavu kuliko joto kali, na nyumba ya bati isiyo na kivuli inageuka tanuru. Tulichagua chini ya mgomba au chini ya mti wa avoka, mlango ukitazama upande ambao mvua haiji, na juu ya bati tukatandaza majani ya migomba makavu.

Juu ya chakula tutasema machache, maana kila mama ana majani yake. Matete, majani ya viazi vitamu, majani ya mahindi, maganda ya ndizi, vyote vinafaa. Yakitoka shambani na umande au mvua, yaache yanyauke nusu siku, yakiliwa yamelowa yanavimbisha tumbo. Lazima kila siku awe na kitu kibichi, kwa sababu dende, kama sisi watu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Akila makavu tu kwa majuma kadhaa, viungo vinavimba, ufizi unatoka damu, anakufa. Majani ya avoka usimpe, wala majani ya nyanya, wala ya mbatata, wala maganda ya mbatata yaliyokuwa kijani. Ukimfuga chini ya avoka kama sisi, hakikisha majani hayadondoki hadi ndani. Majani mabichi ya mihogo yana sumu ile ile inayotufanya tupike sombe muda mrefu. Basi usijaribu.

Jambo moja la familia yao. Jike anabeba mimba siku 68 hivi, yaani miezi miwili na juma moja, na anaweza kupata mimba nyingine siku ile ile anapozaa. Watoto ni wawili au watatu kwa kawaida, wanatoka tumboni na manyoya, macho wazi, na kesho yake wanaonja majani. Wanakua mbio kuliko unavyofikiri. Kwa hiyo wakifika majuma matatu, madume wadogo watoke, wawekwe chumba chao. Tulipoacha kufanya hivyo mwanzoni, tulipata mabinti waliobebeshwa mimba na ndugu zao kabla hawajakomaa, na watoto wakazaliwa dhaifu. Ndiyo sababu nyumba za mwisho tulizojenga zina ukuta katikati unaoweza kuondolewa. Na dume mkubwa usimweke na mabinti zake. Mbadilishane na kikundi cha kilima kingine, dume kwa dume, hakuna franga inayotoka.

Binti wa mwenzetu mmoja anaishi Ubelgiji. Mama yake alimtumia kwa simu picha ya nyumba yetu, akajibu na picha ya kwake. Naye ana wanyama ndani ya nyumba, wanaitwa degu! Tulifikiri ni panya wa shamba. Kumbe ni ndugu wa mbali wa dende, anatoka Chile, mdogo kuliko dende, na mkia wenye nywele nyeusi mwishoni kama brashi. Yeye haliwi, anafugwa kwa kuangaliwa na watoto. Lakini tulishangaa kuona kwamba matatizo ni yale yale. Huyo binti alianza na sanduku la plastiki, wakalitafuna wakatoka. Sasa ana nyumba ya chuma ya ghorofa tatu, kwa sababu degu, tofauti na dende, anapanda na kuruka. Sakafu yake ni mbao, si waya, kwa ajili ya nyayo. Ana bakuli la mchanga ambamo wanajigaragaza kusafisha manyoya, na maficho yenye milango miwili. Alituambia hawapi matunda wala kitu kitamu, degu anapata haraka ugonjwa wa sukari, na kwamba usimshike kamwe kwa mkia, ngozi ya mkia inabaki mkononi mwako. Koko aliangalia picha muda mrefu akauliza, "Na hao wanalipa minervali ya nani?" Tulicheka mpaka machozi, lakini mtoto wa yule binti, miaka saba, ndiye anayewasafisha kila siku bila kuambiwa, na hilo koko alilisifu.

Maana kwetu pia watoto ndio waliokuwa wepesi kuelewa. Mjukuu wa koko aliandika kwa makala juu ya mlango siku za kuzaa. Yeye ndiye anayehesabu kila jioni, na akikosa mmoja, hakuna anayelala.

Labda mnauliza minervali iliishaje. Hatutawadanganya. Mtoto alifukuzwa shuleni majuma mawili, kwa maana kikundi kilikuwa kimetumia akiba kununua wavu. Koko aliuza mkungu wa ndizi na kuomba muda, akalipa sehemu. Tangu nyumba mpya isimame sasa ni miezi sita. Koko ana dende kumi na wanne, ameuza wanne, na sehemu iliyobaki imelipwa. Hajapoteza hata mmoja kwa panya. Mmoja alikufa kwa tumbo, juma ambalo mvua haikukatika na majani yalikuwa yamelowa. Mama wa tano amepokea wake, wa sita pia.

Siku ya nne ijayo tunajenga kwa mama wa saba, kule chini karibu na chemchemi, kuanzia saa mbili asubuhi. Nguzo na mianzi vipo tayari. Tunakosa madebe mawili ya kukatia sketi na mpira wa baiskeli uliotoboka, mwenye navyo nyumbani atuletee. Aje pia na panga lake na kikombe, uji tutapika sisi.